Karibu Mzazi, Njoo na Slipu ya Benki

Lalamiko halikauki katika shule za sekondari za Migori na Homa Bay: wazazi hawajali. Tutazame basi wanavyoalikwa. Ujumbe hutumwa karo ikichelewa, mtoto akisimamishwa au basi jipya likitamaniwa. Mkutano huwekwa asubuhi ya siku ya kazi, mama wa Mbita akiwa ufuoni anaanika omena na baba wa Macalder yumo shimoni akisaka dhahabu. Anayefika huketi chini ya hema, humeza hotuba ya mheshimiwa, kisha hupitisha bajeti kwa kupiga makofi. Huko ndiko kushirikishwa, jamani!

Utasema shule haiendeshwi kwa maombi, na mgao wa serikali huchelewa. Kweli kabisa. Lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamfanya kila mzazi mwanachama wa chama cha wazazi, na kutafuta fedha ni jukumu moja tu kati ya kadhaa. Uhusiano mwema na walimu ni jingine. Mwalimu mkuu, hebu mwite mzazi Jumamosi moja umweleze mwanawe anaweza nini, bila kutaja nambari ya akaunti. Akikosa kuja, hapo ndipo umlaumu.