Mama Mkwe, Bawaba na Udongo Mweusi

Juzi mama mkwe alikwama msalani kwangu, na wa kumtoa nilikuwa mimi peke yangu. Mke wangu alikuwa kazini. Sebuleni walikuwapo kina mama wa hapa Dallas waliokuja kumwamkia mgeni kutoka Tanga. Wote walinyamaza ghafla, vikombe vya chai mkononi, wasipitwe na neno.

"Shikamoo, mama," nilisema mlangoni. Tulikwisha kuamkiana asubuhi, lakini ulimi haukupata neno jingine.

"Marahaba. Mlango haufunguki."

Mlango ule unafungukia ndani, kwa hiyo bawaba ziko upande wake. Nikiupiga bega, unamwangukia. Ilibaki njia moja: yeye mwenyewe achomoe pini. Kwa bahati fremu imepinda hata kona ya chini ina mwanya wa kupitisha paka, nami nikapenyeza bisibisi na nyundo ndogo. Ndipo mimi, ninayeona haya hata kucheka mbele yake, nikaanza kumfundisha ufundi kupitia mbao: anza na ya chini, mama, weka ncha chini ya kichwa cha pini, gonga kuelekea juu. Kila pigo lilitanguliwa na bismillahi. Pini ya juu ikawa mbali, akapanda juu ya kifuniko cha choo. "Avue ndala, asiteleze!" ikaja sauti kutoka sebuleni. Pini ikatoka. Nikasukuma taratibu upande wa bawaba, mlango ukalegea, nikaukumbatia kabla haujamfikia. Akapita, akanikabidhi nyundo.

"Nyumba yako imekwenda upande, mwanangu."

Imekwenda kweli. Ni nyumba ya kiwandani, iliyotengenezwa nzima ikaburutwa barabarani kwa magurudumu hadi hapa. Nje ina kibao chekundu cha bati kinachothibitisha kwamba imejengwa kwa kanuni za serikali ya Marekani zilizoanza kutumika Juni 1976. Sikibishii. Nyumba haina kosa. Kosa ni la dunia iliyo chini yake. Sakafu imebebwa na mihimili mirefu ya chuma. Mihimili imekalia nguzo fupi za matofali ya saruji yaliyopangwa makavu, na juu ya kila nguzo kuna kabari za mbao. Nguzo nazo zimekalia udongo mweusi wa mfinyanzi, ndugu wa ule wa mbuga za kwetu. Ukipata mvua unavimba, jua likiwaka unasinyaa na kupasuka nyufa za kumeza mkono. Nguzo moja ikizama, mhimili unalegea hapo, sakafu inaufuata, na fremu ya mlango iliyotoka kiwandani mstatili inageuka umbo nililolikimbia kwenye hesabu za shule.

Ukitaka kuinyoosha, swali la kwanza ni hili: sakafu inainama au inabonyea? Ikibonyea chini ya kisigino, tatizo ni ubao wenyewe. Nyumba nyingi za zamani za aina hii ziliwekewa sakafu ya ubao wa vumbi la mbao na gundi, nao ukilowa hufura kama mkate kwenye chai na haurudi ulivyokuwa. Huo hukatwa, ukawekwa plaiwudi, baada ya kuziba bomba linalovuja. Yangu ilikuwa ngumu, imeinama tu, kwa hiyo nililala kifudifudi nikatambaa uvunguni.

Kule chini pima maji fupi haifai, kwani inakupa habari za futi mbili tu. Nilitumia mpira mwembamba unaoonesha ndani, uliojazwa maji, ule ule wa mafundi wa kwetu. Ncha moja unaifunga kwenye nguzo unayoiamini, nyingine unazunguka nayo. Maji ya ncha zote mbili hukaa kimo kimoja, hata mpira ukipinda, ukipita nyuma ya bomba la choo, ukikatisha chumba usichokiona. Hayahitaji betri wala macho mazuri, ilimradi hakuna povu ndani. Nilisahau chakula cha mchana. Nilipima hata nguzo zisizo na shida, kwa raha tu ya kuyaona yakipanda, yakisita, yakatulia.

Nguzo ya msalani ilikuwa imezama inchi nzima. Ukaja wakati wa jeki, na hiyo hukalishwa juu ya mbao nene, kipande cha chuma kikawekwa kati yake na mhimili. Pembeni unapanga magogo, maana anayeweka kichwa chini ya nyumba iliyobebwa na jeki pekee ameuchoka uhai. Unapandisha kidogo kidogo, la sivyo mabomba yanakatika na vioo vinapasuka.

Kioo cha jikoni kilipasuka.

Mafuta ya chapati bado yanakimbilia upande mmoja wa kikaango.

Na nguzo ile itazama tena, kwa sababu maji ya mvua ya kiwanja kizima hutuama chini ya msala wangu, na yakikauka udongo unasinyaa. Nyumba ni yangu, ardhi ni ya kukodi. Nikilalamikia maji, mwenye ardhi anasema nguzo ni za mwenye nyumba. Nikitaka kuchimba mtaro, ardhi si yangu. Nikitaka kuhama, kuihamisha nyumba hii inayoitwa ya kuhamishika ni maelfu ya dola, na viwanja vingi havipokei nyumba kuukuu. Wenye ardhi wanalijua hilo wanapopanga kodi.

Jana ikaja barua ya mwenye ardhi. Paneli za kuziba uvungu, nilizozibandua ili nitambae, zinaharibu sura ya mtaa, nizirudishe kabla ya Ijumaa au nitozwe faini. Aya ya pili inasema kodi ya kiwanja inapanda, kutokana na gharama za matengenezo.