Shikamoo, Tembo

Masika yakiisha na shule zikifungwa mwezi wa Juni, watu wenye akili zao hupanda basi wakaenda kijijini kusalimia wazee. Mume wangu, Baba Zuhura, aliamua tukalale kwenye hema Ngorongoro. Alikuwa ametazama video za Wazungu wanakunywa chai mbele ya hema huku ukungu unapanda, akasema haiwezekani raha hiyo tuwaachie wageni peke yao, tena sisi wananchi tunalipa ada kwa shilingi na wao wanatoa dola. Hapo pa shilingi ndipo mjadala ulipoishia. Mama mkwe aliposikia kuna mahali mgeni anatozwa zaidi kuliko yeye, naye akafunga mzigo.

Hema tuliazima. Liliandikwa kuwa ni la watu 6, ila aliyeandika hakusema watu wa namna gani. Ukoo wa mume wangu umejaaliwa miili. Baba Zuhura alilijaribu sebuleni kwetu Tabata, likasimama vizuri kabisa, maana sebuleni hakuna upepo. Vigingi havikuhitajika kwenye marumaru, basi vikabaki chini ya kochi.

Kambi ya Simba iko ukingoni mwa kreta, mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Mbele yako ni shimo la kina cha mita 600 na upana wa karibu kilomita 20, na usiku wa Juni joto hushuka chini ya nyuzi 10. Sisi watu wa Dar es Salaam tunaijua baridi ya kiyoyozi, ile unayoizima kwa rimoti. Baba Zuhura alivaa suruali mbili na kujitanda kanga yangu, kisha akalifunga hema kwa kamba ya katani kwenye bampa la Land Cruiser ya shemeji. Likasimama upande mmoja.

Pale kambini kuna jiko la pamoja, banda ambamo wapishi wa kampuni za utalii huwapikia wageni wao. Ukitaka kujua cheo chako hapa duniani, ingia humo na sufuria ya maharage makavu. Huyu anakaanga samaki, yule anakoroga supu ya maboga, mwingine, wallahi, anapamba keki. Maharage yetu yaliingia motoni alasiri. Jua likazama bado yanagongana sufuriani. Mama mkwe akaanza kuuliza, bila kumtaja mtu, wanawake wa siku hizi hufundwa na nani. Mpishi mmoja mzee akatuonea huruma.

"Mwanangu, huku maji yanachemka kabla hayajapata moto."

Alisema kweli. Ukipanda juu mkandamizo wa hewa hupungua, na kwenye mwinuko ule maji huchemka yakifika nyuzi 92 hivi badala ya 100. Yanatokota, mvuke unapaa, na maharage yanaoga tu. Ndiyo mara ya kwanza fizikia kunitetea mbele ya mama mkwe. Yule mzee akatugawia supu na mikate, Mungu amzidishie.

Supu hiyo ndiyo iliyompeleka mama mkwe msalani. Sasa, kambi ile ina tenki la maji, na tembo wa huko ukingoni wanalijua: huja wakazamisha mkonga, wakanywa, wakaenda zao. Kuenda zao ndiko kunakochelewa, kwa sababu dume kubwa linaweza kunywa lita 200 kwa siku. Mama mkwe alifungua mlango wa choo akakuta njia imejaa tembo.

Huyu ni mwanamke anayeamkiwa na mtaa mzima. Tangu niolewe sijamsikia akimwamkia mtu. Akarekebisha kilemba, akasema kwa adabu zote: "Shikamoo, baba."

Tembo hakuitikia. Akarudia. Wapishi wakaacha majiko wakaja kutazama. Askari wa hifadhi akawa anamsihi kwa sauti ya chini arudi ndani afunge mlango, naye akamjibu kwamba yeye hakulelewa hivyo, hamfungii mlango mkubwa ambaye hajamwitikia. Tembo akanywa akatosheka, akaondoka bila marahaba. Jambo hilo bado linamuuma.

Usiku pundamilia walikuja kula majani kando ya hema. Asiyewajua, akisikia wanavyotafuna gizani, atadhani ni simba na jirani. Baba Zuhura alikesha ameshika mwiko.

Asubuhi tuliteremka kreta. Pale Ngoitokitok, kwenye bwawa la viboko, shemeji alitwambia tulie ndani ya gari. Zuhura akatoka na paja la kuku. Mwewe akashuka, akalichukua, na kidole hakukigusa. Kwa ustadi ule hata mimi nilimsamehe.

Baba Zuhura ameshaanza kuzungumzia safari nyingine. Mama mkwe anasema atakwenda, ana maneno na mtu. Nawe unayepanga kwenda, nenda, ila beba blanketi zito, na kama lazima ule maharage, yachemshe nyumbani. Mzee yule wa jikoni hana supu ya kuitosha Tanzania nzima.