Priampu Haimfichi Mtu

Hakuna kifaa kigumu kumweleza mgeni kama priampu. Atakuuliza kama inapiga muziki. Haipigi. Ina redio? Haina. Inaingia flashi? Haiingii. Basi labda ndiyo inayotoa ile sauti kubwa ya spika? Hapana, kazi hiyo ni ya amplifaya, lile dude zito lililo chini yake. "Sasa hii inafanya nini, shemeji?" Inaiandaa sauti kabla haijafika kwenye amplifaya. Mgeni hutikisa kichwa kwa adabu, halafu humgeukia mke wangu na kumuuliza kwa sauti ya chini hali za hapa nyumbani, kama mtu anayeulizia maendeleo ya mgonjwa.

Nami sikuitafuta kwa anasa. Marehemu baba alituachia santuri, nyingi zikiwa zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika za miaka ya 1970, zile ambazo wimbo ukianza tu kunoga upande wa kwanza unakwisha, ikubidi uinuke ugeuze ili usikie ulivyoishia. Gramafoni yake bado inazunguka. Tatizo ni kwamba sindano hutoa umeme mdogo mno, kama milivolti 5 hivi, na amplifaya za siku hizi zimezoea simu na televisheni, vitu vyenye makelele. Ukizipelekea milivolti 5 hazigeuki hata kutazama. Lazima awepo wa katikati wa kuukuza umeme huo kama mara 100.

Huyo wa katikati ana kazi ya pili. Santuri husema uongo kwa makusudi. Wanaozikata hupunguza besi, kwa sababu besi ikiachiwa, mfereji wa santuri hucheza kwa upana hadi ukaingia kwa jirani. Na huzipandisha sauti nyembamba ili baadaye zikishushwa, mikwaruzo nayo ishuke pamoja nazo. Mwaka 1954 makampuni ya Marekani yalikubaliana kiasi kimoja cha uongo huo, na dunia ikafuata. Priampu ndiyo inayourudisha ukweli: sauti nyembamba inazishusha, besi inaipandisha. Kwenye mitetemo 50 kwa sekunde, inapandisha kama mara 7 zaidi ya inavyofanya kwa sauti za kati. Shikeni hiyo 50.

Ya dukani, iliyokwisha kuundwa, bei yake ingelipa ada ya muhula mzima. Nikaagiza ya kujiundia kutoka ng'ambo. Ikaja kwenye mfuko wa nailoni: bodi ya kijani isiyozidi kiganja, chipu mbili za NE5532, kapasita, konzi ya rezista, na karatasi yenye maelekezo ya sentensi tatu. Lehemu vifaa vyote. Pima. Furahia muziki. Masika yote ya mwaka ule yaliishia kati ya sentensi ya pili na ya tatu.

Tuanze na rezista. Ni kijidude chenye miguu miwili ya waya na mistari mitano ya rangi, na rangi ndizo namba: nyeusi sifuri, kahawia moja, nyekundu mbili, hivyo hivyo mpaka nyeupe, tisa. Mistari mitatu ya mwanzo ni tarakimu, wa nne unasema ziongezwe sifuri ngapi, wa tano unasema uamini kwa kiasi gani. Kwenye karatasi inapendeza. Ila rezista haina kichwa wala mkia. Kahawia, nyeusi, nyeusi, nyekundu, kahawia: hiyo ni omu 10,000. Igeuze vidoleni: kahawia, nyekundu, nyeusi, nyeusi, kahawia. Sasa ni omu 120. Wajuzi husema mstari wa mwisho huachwa mbali kidogo na wenzake. Umbali huo wanauona wajuzi.

Chini ya taa yetu ya sebuleni, nyekundu, kahawia na ya chungwa ni ndugu wa tumbo moja. Ikabidi nimwazime macho binti yangu wa darasa la nne.

"Huu mstari rangi gani, mama?"

"Nyeusi, baba. Rangi ya vile viatu vya shule ulivyosema utaninunulia."

Kesho yake nilinunua mita ya kupimia. Ilikuwa rahisi kuliko viatu.

Kulehemu nako kunataka meza, na sisi tuna meza moja, ile ya sebuleni, iliyovalishwa kitambaa alichokifuma mama mkwe kwa mkono wake. Ncha ya chuma cha kulehemu hufika kama nyuzi 350 za sentigredi. Risasi ikiiva huwa maji ghafla, ikaukimbilia mguu wa rezista, ikauzunguka na kutulia inang'aa, na mteremko wake laini pande zote. Ikishika vibaya hubaki donge la kijivu lililokaa juu juu, ukilitikisa linacheza. Ni jambo la kulitazama kwa karibu, na mimi nililitazama kwa karibu mno, chuma chenyewe kikiwa kimelala pembeni. Kitambaa cha kufuma kina matundu tangu siku ya kufumwa. Nilitaraji moja la ziada halitaonekana. Mke wangu aliliona akiwa mlangoni, hajavua hata viatu.

Siku ya kuwasha ikafika. Kapasita ukizifunga kinyume, chanya kwenye hasi, huweza kupasuka kwa kishindo. Zangu hazikupasuka, na hilo lilimsikitisha mwanangu wa kiume, aliyekuwa amekwisha kuwaita wenzake wa mtaani waje kushuhudia. Nikaongeza sauti. Spika zikasema: mmmmmmmm.

Umeme wetu wa ukutani hutetemeka mara 50 kwa sekunde, na kila waya uliomo sebuleni unaunong'ona. Priampu yangu, kwa uaminifu wake, iliuokota mnong'ono huo, ikaukuza mara 100, halafu ikauzidisha mara 7 kama walivyokubaliana wakubwa mwaka 1954. Jirani akamtuma mtoto aje kuuliza kama tumefungua mashine ya kusaga na kilo tunasaga kwa shilingi ngapi.

Nikaibeba hadi Kariakoo kwa fundi mmoja mzee wa redio. Aliitazama bila kuigusa.

"Mwanangu, ethi umefunga ngapi?"

Nikamjibu kwa fahari kwamba nimefunga kila nilipoona panafaa. Akacheka mpaka miwani ikamshuka puani.

"Ethi ni mke mmoja, mwanangu. Ukimwongezea wa pili, hiyo mmm unayoisikia ndiyo mazungumzo yao."

Alichomaanisha ni kwamba nyaya mbili za ethi zikiviunganisha vyombo vilevile huwa duara, na duara hilo huunasa umeme wa ukutani na kuupeleka kwenye sauti. Akang'oa mmoja wa nyaya nilizoongeza kwa akili zangu, akaubana vizuri ule mwembamba utokao kwenye gramafoni, basi. Akasema pia bodi isikae uchi hivyo, kwamba waya zake zitanasa kila kinachopita hewani. Atanitengenezea kisanduku cha chuma. Nikamwambia mwisho wa mwezi. Fundi akatabasamu, maana mwezi huo wanaujua mafundi wote.

Usiku ule tukasikia muziki. Vidole vya mpiga gitaa vikiteleza juu ya nyuzi, mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kiitikio, na nyuma ya tarumbeta, mtu akikohoa.

"Umekisikia kikohozi?" nikamuuliza mke wangu.

"Nyamaza nisikie maneno."

Ndio ugonjwa wetu sisi watu wa priampu: mwenzako analia mapenzi miaka yote hiyo, wewe unasikiliza nani ana mafua.

Jumapili iliyofuata akaja shemeji, mdogo wake mke wangu. Huyu alikuwa ameazima pesa ya mchezo ya dada yake, akaahidi kurudisha baada ya wiki mbili, kisha simu yake ikaanza kuumwa. Mara haina chaji, mara imeanguka majini. Mke wangu alikuwa ameniahidi kwamba pesa hiyo ikirudi tutanunua feni ya sebuleni. Tukamkaribisha, akala, akaketi kwenye kochi karibu kabisa na priampu, santuri ikiimba taratibu.

"Dada, ujumbe wako sikuuona. Simu imezima tangu Alhamisi, wallahi hata sasa hivi ni..."

Tiriti-tiriti-tiriti, zikasema spika.

Kwa wasioijua sauti hiyo: simu ya kitochi inapozungumza na mnara hurusha mawimbi kwa mikupuo, 217 kila sekunde. Bodi isiyo na kisanduku huyanasa, chipu huyageuza mlio, na mlio huo hutangulia simu kuita kwa sekunde moja mbili. Simu yangu na ya binti mkubwa ni za kisasa, hazina tabia hiyo. Kitochi cha mke wangu kilikuwa chumbani. Tukamtazama shemeji. Shemeji akaitazama priampu. Kisha mfuko wake wa suruali ukaanza kuimba kaswida.

"Pokea, mdogo wangu," mke wangu akasema kwa upole wa kutisha. "Huenda ni mtu anayekudai."

Kabla hajaondoka alikuwa ameapa kutuma pesa yote Jumamosi. Nikasema basi kisanduku cha fundi nikakichukue, makelele kama haya yanaharibu muziki. Mke wangu akaja juu.

"Kisanduku cha nini? Kifaa kizuri namna hii unataka kukifungia? Kiache kipate hewa."

Tangu siku hiyo, mgeni yeyote mwenye maneno mengi anakaribishwa kochi lile lile.

Jumamosi jioni nilikuwa nimeweka santuri, kitochi cha mke wangu kikiwa juu ya kabati. Tiriti-tiriti, zikasema spika, kisha ujumbe ukaingia. Akaunyakua, akausoma, akausoma tena.

"Shemeji?" nikauliza.

"Wapi! Wale wa matangazo. Hawachoki."

Sikusema kitu. Lakini simu yenye ujumbe wa matangazo haifungwi kwenye pindo la khanga.

Asubuhi yake, akiosha vyombo na bila kugeuka, aliniuliza lile sanduku la chuma fundi alisema ni shilingi ngapi. Akaongeza kwamba kama tatizo ni pesa, atanichangia.