Namna ya Kuzeeka na Bendi ya Thrash Metali Ukiwa Birere

Kwanza acha kujidanganya kwamba utawashtua watu kwa kelele. Birere, mtaa wetu huu wa Goma, kelele tunazo za akiba. Kabla hujachomeka gitaa lako utakuta umeshatanguliwa na jenereta la muuza simu, na kanisa la uamsho lililoelekeza bafle zake barabarani ili wenye dhambi wasipate kisingizio, na honi za mamotari wa pikipiki. Kijana wa chukudu, ile skuta ya mbao, naye anateremka na magunia ya makaa, breki yake kipande cha tairi anachokikanyaga kwa kisigino, anapiga mluzi watu wampishe. Slayer wenyewe, wale wakongwe wa thrash kutoka Marekani, wakipanga vyombo hapo saa nne asubuhi, muuza vitenge atawauliza kwa upole kama spika zao zimeharibika.

Tafuta watu wanne. Mwaka 1981 Lars Ulrich alitoa tangazo gazetini huko Los Angeles, na hivyo ndivyo Metallica ilivyopatikana. Wewe huna haja ya gazeti. Mwambie motari mmoja, na kabla ya adhuhuri utakuwa na foleni ya waimbaji mlangoni, kila mmoja akitaka kuwa atalaku, yule mpaza sauti wa kuchangamsha dansi. Shida itakuwa mpiga ngoma, maana thrash inadai mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Mwazime wa kwaya. Ameshazoea sebene la shukrani, mdundo wa kuchezea unaokwenda saa nzima bila maji ya kunywa, na tena ana ngoma. Mchungaji si lazima aelezwe kila kitu.

Urefu wa nyimbo utaleta mgogoro. "Mario" ya Franco, gwiji wetu wa rumba, ya mwaka 1985, inapita dakika 14, na hakuna Mkongomani aliyewahi kulalamika kwamba imezidi. Mwaka uliofuata Slayer walitoa albamu nzima, Reign in Blood, nyimbo 10 ndani ya dakika 29 hivi. Yaani Mario akiimbwa mara mbili, Slayer wamekwisha na wamekunja nyaya. Mtazamaji wa Birere akisikia wimbo umekatika baada ya dakika mbili atajua umeme umeondoka, atatoa tochi ya simu. Lakini hapo ndipo penye heri yako: huu ndio muziki pekee duniani unaoonekana kutungwa na mtu anayeujua umeme wetu. Ukiwahi, unamaliza albamu kabla hawajakata.

Mashairi yasikusumbue. Wenzetu wa Ulaya na Marekani hujikamua kwelikweli kutafuta maafa ya kuimba. Sodom, Wajerumani wa Gelsenkirchen, walilazimika kwenda hadi Vietnam kwa kalamu ili wapate albamu yao ya Agent Orange, mwaka 1989. Slayer wameishi kwa kuelezea jehanamu ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuikanyaga. Wewe tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilishuka, ikapita katikati ya mji wako hadi ziwani, na watu wakarudi kujenga juu ya jiwe lake likiwa bado lina joto. Ukiimba hayo kwa sauti ya kunguruma, wazee watakuuliza kwa nini unasoma habari za zamani ukiwa na mafua. Vita ndiyo usiiguse kabisa. Mtaani hapa hakuna anayelipa kiingilio kusikia kitu alichokisikia bure akiwa chini ya kitanda. Imba juu ya mapenzi. Hilo halijafanywa sana na mabendi ya thrash, nawe utaitwa mwanamapinduzi.

Au imba majina ya matajiri. Kurusha mabanga, yaani kutaja majina ya watu ndani ya wimbo kwa malipo, kumewalisha wanamuziki wetu miaka na miaka, na thrash inaongeza faida ambayo rumba haina: kwa kuwa hakuna atakayeelewa unachonguruma, libanga moja unaliuza kwa wafanyabiashara watatu, na kila mmoja ataapa kwamba amesikia jina lake.

Halafu kuna shingo. Kutikisa kichwa si mchezo. Tom Araya wa Slayer alipasuliwa shingo mwaka 2010, na tangu hapo anaimba akiwa wima kama padri. Usichukue vijana wa ofisini kwa kazi hii. Nenda Petite Barrière, pale mpakani na Rwanda, asubuhi uwatazame akina mama wanaobeba mzigo mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, shingo imeinama mbele na haitetereki hata wanaposimama kubishana na mtu wa ushuru. Ungempa mmoja wao gitaa la besi, Ulaya nzima ingestaafu. Ila kabla hujafungua mdomo atakuuliza unalipa ngapi, na hilo jibu huna.

Sasa twende kwenye ufundi wenyewe, maana yote niliyosema hayazeeshi bendi. Kinachozeesha bendi ni ugomvi. Dave Mustaine alifukuzwa Metallica Aprili 1983 akiwa New York, akapandishwa basi la kumrudisha California. Akafika na hasira iliyotosha kuanzisha Megadeth na kuiendesha zaidi ya miaka 40. Max Cavalera aliacha Sepultura mwishoni mwa 1996, akazaa Soulfly. Wazungu huandika vitabu vizima kuhusu visa hivi, nasi tunawatazama kwa huruma. Zaïko Langa Langa ilizaliwa Kinshasa tarehe 24 Desemba 1969, na haijatimiza miaka mitano Papa Wemba na wenzake wakatoka wakaunda Isifi Lokole. Ikafuata Yoka Lokole, kisha Viva la Musica mwaka 1977. Mwaka 1988 likamegeka pande jingine, likajiita Zaïko hilohilo na Familia Dei juu yake. Wenge Musica nayo ilipasuka 1997, JB Mpiana huku na Werrason kule, na kila familia ya Kikongo ikalazimika kuchagua upande kabla ya chakula cha jioni. Kwa somo hili mwalimu ni sisi. Kwa hiyo gombaneni mapema, ikiwezekana kabla ya onyesho la kwanza, na jina la bendi liandikishwe kwa jina la mama yako.

Kuhusu maonyesho, usingoje Metallica waje wakufungulie njia. Walifika Afrika Kusini, wakaona inatosha. Desemba 2013 wakaenda kupiga Antaktika, watu wachache wamevaa vipokea sauti masikioni ili mazingira yasisumbuliwe. Pengwini wametutangulia. Hata wakibadili mawazo, uwanja wetu wa ndege ulifungwa Januari 2025, na makumi ya malori wanayotembea nayo hayageuki kwenye vichochoro vyetu. Wewe una chukudu: bafle mbili chini, ngoma juu, mpiga besi nyuma akishikilia. Jirani akitoka na kilio cha "Eh ba jeune, ile makelele mupunguze, mutoto analala!" mpungie mkono kama shabiki. Baadaye, ukiulizwa idadi ya waliohudhuria, taja yoyote. Moscow, Septemba 1991, wapo wanaosema Metallica na wenzao walitazamwa na watu laki kadhaa, wapo wanaosema milioni na nusu, na wote wanaheshimika.

Kuaga usichelewe. Slayer waliaga Novemba 2019 huku watu wakilia, wakarudi jukwaani Septemba 2024. Sepultura walianza kuaga Machi 2024, na mwaka ukapita wangali wanaaga. Wenge walirudiana Juni 2022 pale Stade des Martyrs, Kinshasa, baada ya robo karne ya kununiana. Anza kuaga ungali na meno, na kwenye mabango usiandike mwaka, ili yatumike tena. Kiingilio kiwe dola moja, kama Tamasha la Amani la hapa Goma lilivyotoza pale Collège Mwanga, na mlangoni umweke mtu mwenye macho makali azigeuze noti zote pande mbili. Iliyochanika hata kwa unywele arudishiwe mwenyewe palepale, kwa sababu wabadilishaji wa fedha wa Birere hawajali umeshapiga ziara ngapi za kuaga.