Sifa za Gari Linalosita

Anayetoka Shelui kwenda Misigiri hana njia ya kuukwepa Mlima Sekenke. Barabara inaiacha tambarare ya Wembere na kuanza kujikunja kona baada ya kona, malori yanapanda kwa gia ya kwanza, na hapo ndipo dereva mwenye haraka anapokanyaga mafuta ili alipite lori kabla ya kona. Magari mengi, kwa unyonge wa tabia, humtii. Gari ninalotaka kulisifu halimtii. Linasita. Linakohoa kidogo, linatafakari, na wakati bado linatafakari basi la kutoka Singida linatokeza konani likishuka na kwenda zake. Dereva anatukana. Abiria wa nyuma wanamshukuru Mungu, na ningependa gari nalo lipewe sehemu ya shukrani hizo.

Gari hili lina msimamo. Limelishwa vumbi, limenyweshwa mafuta ya chupa, plagi zake hazijaguswa tangu liliposhuka bandarini, na sasa linadaiwa mbio. Linauliza tu: kwa nguvu ipi?

Swali hilo ni la haki kabisa. Mji wa Singida uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini ya kawaida ya petroli hupoteza takriban asilimia 15 ya nguvu iliyokuwa nayo Tanga. Ongeza upepo wetu, ambao haujawahi kukuta vumbi ukaliacha chini. Kiangazi kikikolea, gari lililozunguka Mkalama na Ikungi hufunguliwa eakilina ikakutwa imegeuka tofali. Vumbi likipenya mpaka kwenye sensa ya hewa, sensa huiambia kompyuta kwamba hewa inayoingia ni kidogo kuliko ilivyo. Kompyuta nayo hubana petroli. Ukikanyaga ghafla, hewa inaingia kwa wingi, petroli inapungua, na gari linasita. Hapo aliyekosea ni nani?

Katika ukaguzi wa mafuta, gari hili liliitangulia serikali. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili bei yake isiwe kishawishi cha uchakachuaji. Kabla ya hapo mkaguzi alikuwa gari lenyewe, na kwa petroli inayouzwa kwenye chupa za maji kando ya barabara bado ni lenyewe. Halina ofisi wala posho, na likinyweshwa uchafu hutangaza matokeo papo hapo mbele ya abiria wote.

Tena ni karimu. Gari zima humneemesha mwenye sheli peke yake. Linalosita humlisha fundi, muuza spea, kijana mwenye mashine ya kupimia, na mama lishe ambaye kuku wake wa kienyeji asingepata mteja kama gari lisingezimika jirani. Huwapa hata abiria nafasi ya kuonyesha elimu yao. Mmoja anasema ni plagi, kwa kuwa la shemeji yake wa Manyoni lilikuwa hivyohivyo. Mwingine anaapa ni pampu. Wa tatu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, anasema ni giaboksi, na ndiye anayesikilizwa kwa sababu ana sauti nene.

Wanaolivunjia heshima zaidi ni baadhi ya mafundi. "Mzee, hii gari inamisi, tubadilishe plagi." Plagi zinabadilishwa, gari linasita. "Basi ni koili." Koili inanunuliwa, gari linasita. "Basi pampu." Hivyo ndivyo mtu anavyonunua nusu ya injini mpya ilhali ugonjwa umekaa kwenye chujio la mafuta, nalo gari lilikuwa limekwisha kusema tangu asubuhi.

Maana linasema, na lina lugha zaidi ya moja. Likinguruma vizuri limesimama lakini likalegea mlimani, hiyo ni njaa ya mafuta: chujio lililoziba hupitisha petroli ya kutosha injini isiyo na mzigo, ila likiombwa nyingi kwa mara moja linashindwa. Lipimwe presha ya mafuta kwa geji huku injini ikipigishwa kazi. Likirusha mateke mafupi mafupi, shuku moto: koili iliyochoka hustahimili ukiwa umeegesha, ikaumbuka ukipanda mlima. Likisita kitambo kidogo tu mguu unapogusa, kisha likachangamka, tazama njia ya hewa, hasa throto chafu au mpira uliopasuka baada ya sensa. Injini ikipaa kwa kelele na gari lisisogee, klachi imekwisha. Huko si kusita, na naomba msilichanganye na ninalolisifu.

Taa ya injini ikiwaka, mashine isome kwanza, betri ichomolewe baadaye, kwani kuichomoa mapema mara nyingi hufuta ushahidi. Na namba itakayosomwa inataja eneo la kuchunguza. Si orodha ya kupeleka dukani. Anza na eakilina, ambayo hufunguliwa kwa vidole bila malipo. Pampu iwe ya mwisho. Chujio la mafuta, kwenye magari mengi ya petroli ya siku hizi, limefichwa ndani ya tangi pamoja na hiyo pampu, na nadhani hiyo ndiyo sababu hasa inayowafanya mafundi wavivu wapende kuanza na plagi.

Kabla hujalipa, dai lile chujio la zamani mkononi mwako na ulikung'ute juu ya kitambaa cheupe. Petroli iliyobaki ikitoka nyeusi yenye matope, gari lako halikuwa na kosa lolote.