Kilo Mbili na Ushee za Elimu

Mke wangu anasema neno limekaa mahali pake: rafu. Kwake yeye zile mbao nne nilizozigongelea kwenye ukuta wa sebule ni rafu ya uwanjani, na angekuwa na filimbi ningeshalambwa kadi nyekundu tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Pale anataka pakae televisheni. Mimi sitaki, na kwa kuwa kukataa bila hoja ni ukaidi tu, leo nazitoa hoja zangu hadharani, msomaji awe mwamuzi.

Vitabu vyenyewe ni 41, vyote vya kompyuta: lugha za programu, hifadhidata, mitandao, mifumo ya uendeshaji. Nilivyovisoma hadi jalada la nyuma ni viwili. Vingine nimevifikisha ukurasa wa 60 au 70, pale ambapo mwandishi huacha salamu na kuanza kazi. Viko ambavyo risiti bado imo ndani, wino wake umeshafutika wote. Nayasema haya mapema nisije nikadhaniwa nasifia elimu. Elimu ina watu wake wa kuisifia. Mimi nasifia vitabu.

Tazama kazi za watu. Seremala ana randa na msumeno. Ukiingia kibandani kwake unapaliwa na vumbi la mbao, huulizi anafanya nini. Mshonaji ana cherehani. Mvuvi ana wavu, na harufu. Mwandishi wa programu ana nini? Laptopu, tena ya aina ile ile ambayo kijana wa jirani anaangalizia tamthilia za Kikorea. Ukipita dirishani ukatukuta wote wawili tumeinama, hutajua nani yuko kazini. Kitu tulichokitengeneza kutwa hakina uzito wala rangi, hakishikiki, na jioni tukizima mashine hakuna hata takataka ya kufagia. Mama yangu aliwaambia majirani kwamba mwanawe "anatengeneza kompyuta", na tangu hapo kila nikienda nyumbani nakuta foleni inanisubiri: redio, pasi, feni, na safari moja blenda iliyoungua.

Sasa mtu wa namna hiyo akaenda kuposa.

Posa ilipokelewa, lakini baba mkubwa wa mchumba wangu, seremala aliyestaafu, akasema anataka kwanza aone binti yao atakapokwenda kuishi. Akaja na mdogo wake hadi Sinza, nilikokuwa nimepanga chumba na sebule. Nikawaamkia, nikawapa viti, soda zikaletwa. Mzee akaniuliza kazi yangu. Nikamjibu kama tunavyojibizana wenyewe kwa wenyewe: "Naandika kodi, mzee." Akaitua chupa. "Kumbe wewe ni mtu wa mapato?" Nusu saa nzima nikahangaika kumweleza kwamba kodi hii si ya serikali wala ya mwenye nyumba, ni maagizo inayopewa mashine, na kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyozidi kuwa uso wa mtu anayemsikiliza tapeli. "Hebu nionyeshe hicho ulichokiandika." Nikafungua laptopu. Akaitazama mistari ya rangirangi ikipanda na kushuka, kisha akanitazama mimi, kwa huruma.

Ndipo macho yake yalipofika ukutani. Hakusoma jina la kitabu hata kimoja. Aliinuka, akapitisha kidole gumba chini ya ubao wa pili, taratibu, kutoka ncha hadi katikati, akachutama na kuuangalia mpindo wake kwa jicho moja kama mtu anayelenga shabaha. "Paini," akasema. "Hapa ungeweka mninga." Akachomoa kitabu cha katikati, akakipima mkononi, akakirudisha kwa mikono miwili. "Ubao haupindi kwa maneno," akamwambia mdogo wake. "Huyu anafanya kazi." Mahari ikapangwa wiki iliyofuata.

Kitabu alichokipima ni kile cha algorithimu cha Cormen na wenzake, ambacho toleo la kwanza lilitoka 1990 na la nne 2022. Changu ni toleo la tatu, la 2009, lenye kurasa zinazopita 1,200. Baada ya harusi nilikipeleka dukani kwa Mangi tukakiweka kwenye mizani ya sukari: kilo mbili na ushee. Mangi akauliza vinauzwaje, kwa kilo? Sikuwa na jibu, ila lilikuwa swali la maana kuliko mengi niliyowahi kuulizwa kwenye usaili.

Wapo wanaobeza unene. Hao wasimuliwe habari ya JavaScript. Kampuni ya O'Reilly ilichapisha kitabu cha David Flanagan kuhusu lugha hiyo, nacho kikawa kinanenepa toleo hadi toleo, mpaka lile la 2011 likapita kurasa 1,000. Mwaka 2008 kampuni hiyo hiyo ilikuwa imeshatoa kitabu cha Douglas Crockford kuhusu sehemu nzuri tu za lugha hiyo hiyo: kurasa hazifiki 200. Watu wa fani yetu wamevipiga picha vikiwa bega kwa bega, wakacheka hadi machozi. Mimi sioni cha kuchekesha. Kile chembamba ni hatari kwa sababu kinasomeka. Kiweke mezani Ijumaa, Jumatatu mtu atakuuliza umefika wapi. Kile kinene hakuna aliyewahi kumwuliza mwenzake amefika wapi. Watu hukiona, hutikisa kichwa kwa heshima, wakapita. Hata kitabu cha lugha ya C cha Kernighan na Ritchie, cha 1978, ambacho toleo lake la pili halifiki kurasa 300, mimi sina cha kukisifia. Ni kimoja kati ya vile viwili nilivyovimaliza, na kilinitoa jasho.

Lakini sultani wa rafu ni Donald Knuth. Mwaka 1962, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, wachapishaji walimwomba awaandikie kitabu kuhusu programu zinazotafsiri lugha za kompyuta. Akapanga sura 12. Maneno yakamzidi, kitabu kikawa juzuu: ya kwanza 1968, ya pili 1969, ya tatu 1973. Kisha watu wakasubiri. Waliozaliwa mwaka wa juzuu ya tatu walikuwa na miaka 38 ilipotoka juzuu ya 4A, mwaka 2011. Ya 4B ikafuata 2022. Katikati ya safari hiyo, mwaka 1977, mzee aliletewa sampuli za chapa mpya ya juzuu ya pili, herufi hazikumpendeza, akaiweka kalamu chini na kwenda kutengeneza programu yake mwenyewe ya kupanga herufi, TeX, ambayo wanahisabati wanaandikia hadi leo. Ni kama mpishi aliyeliacha pilau jikoni akaenda kufinyanga chungu. Sisi wenye juzuu zake tatu ambazo hatujazisoma tunapata faraja kubwa hapo. Mwandishi mwenyewe hajamaliza kuandika. Msomaji haraka ya nini?

Anayemwonyesha kosa kitabuni mwake humzawadia dola 2.56, kwa kuwa 256 katika hesabu ya msingi wa kumi na sita huandikwa 100. Kwa miaka mingi alikuwa akituma hundi za benki, na wengi waliozipata hawakuzipeleka benki, walizitia fremu. Ukoo wetu ndivyo ulivyo. Hata pesa ikitufikia tunaigeuza pambo la ukutani.

Halafu kuna namna vitabu hivi vinavyofika. Sidhani kama kipo hata kimoja kilichoingia kwangu kwa njia nyepesi. Binamu yangu aliyeko Uingereza hupewa kilo 23 za begi akija likizo. Ndugu wengine huagiza viatu na manukato, mimi huagiza hifadhidata. Shangazi hajanisamehe hadi leo kwa seti ya sufuria iliyobaki Uingereza ili kitabu changu kipate nafasi. Vingine nilivitoa kwa wale wanaopanga mitumba ya vitabu chini, barabarani Posta, vimelala kati ya riwaya za mapenzi na mwongozo wa kujifunza Kijerumani, na ndani vina muhuri wa maktaba fulani ya Marekani iliyovichoka. Na vingine, tusifichane, ni kopi. Tulichanga watu wanne, tukaenda steshenari ya karibu na chuo, tukazikuta mashine zimechemka kwa kazi za wenzetu, tukatoka na mizigo ya karatasi iliyobanwa kwa spairo, bado ina joto kama mkate.

Kwa hilo tuna ukoo mwema. Miaka ya 1970 John Lions, mwalimu wa chuo kikuu kimoja cha Sydney, aliwaandikia wanafunzi wake maelezo ya msimbo wa kiini cha mfumo wa uendeshaji wa Unix, mstari kwa mstari. Kampuni ya AT&T, mwenye mali, ilipotoa toleo la saba la Unix mwaka 1979 ikapiga marufuku msimbo huo kufundishiwa darasani. Maelezo ya Lions yakaendelea kutembea mkono kwa mkono, kopi ya kopi ya kopi, mpaka yalipochapishwa rasmi kama kitabu mwaka 1996. Waliokuwa na ile kopi iliyofifia huitunza kama hati ya shamba. Tofauti yetu na wao ni ndogo: wao walikisoma.

Wapo pia marehemu. Nilikuwa na kitabu cha lugha ya Visual Basic 6, ya mwaka 1998, na kimoja kinene sana cha programu ya Flash, ambayo kampuni ya Adobe iliizika rasmi tarehe 31 Desemba 2020. Mke wangu alianzia hapo hapo kila alipodai nafasi. Nilimwambia hivi: vitabu vya leo vinachakaa kila mwezi, unanunua asubuhi, jioni wametoa toleo jipya lisiloelewana na la zamani. Cha Flash kimeshapitwa chote, hakiwezi tena kupitwa. Kila kilichoandikwa mle kitabaki vile vile hadi kiama. Nionyeshe televisheni yenye uaminifu huo.

Msimu mmoja wa masika mchwa walipanda ukutani. Niliviona vijia vyao vya udongo nikiwa nimeshachelewa. Flash walikila robo tatu. Visual Basic walikitoboa tundu moja lililonyooka, kutoka sura ya kwanza hadi faharasa, na siku hiyo nilikubali kwamba nyumbani kwangu yupo aliyekimaliza. Kisha wakaingia juzuu ya kwanza ya Knuth. Nikafungua kurasa moja moja kutazama hasara imefikia wapi. Waliishia utangulizi. Siwalaumu, nami niliishia papo hapo.

Kurasa za Flash zilizosalimika alizichukua mama mmoja anayeuza karanga kituoni. Wiki mbili nzima abiria wa daladala walikuwa wakitafuna karanga zilizokunjiwa kwenye somo la namna ya kuufanya mpira udunde kwenye skrini. Kijana mmoja nilimwona amezimaliza karanga, akaikunjua karatasi, akaisoma upande wa kwanza, akageuza na wa pili. Gari lake likamwacha. Sikumwambia kwamba kitu chenyewe kimekufa. Usomaji wa namna ile huukatizi.

Nisiwasahau watoto. O'Reilly huweka mnyama kwenye jalada, michoro ya mtindo wa karne ya 19, wazo lililoanzishwa na mbunifu wao Edie Freedman. Kwa hiyo kwangu sebuleni kuna kifaru wa JavaScript na kijimnyama cha macho makubwa, jamaa wa komba, anayelinda programu ya kuhariri maandishi iitwayo vi. Mpwa wangu wa darasa la tatu alikibeba kile cha kifaru shuleni kwa somo la wanyama na akarudi na vema. Ndiyo alama pekee ambayo rafu yangu imewahi kuiletea familia.

Na alikuwepo ngamia. Ngamia ni kitabu cha lugha ya Perl, cha Larry Wall na wenzake, kilichotoka mara ya kwanza 1991. Changu kilikuwa toleo la 2000, kipana kama tofali la kuchoma. Hakikukaa rafuni. Meza yetu ya kulia chakula ina mguu mmoja mfupi, na kati ya vitabu vyote ni ngamia peke yake aliyekuwa na kimo kamili. Miaka mitatu alilala pale chini, hakuna aliyemsoma, hakuna tone la mchuzi lililomwagika. Februari 2016 akaja rafiki, akainama, akamwona, akasema ana kazi ya dharura ya Perl, anamwazima wikiendi moja tu.

Tangu hapo nimejaribisha kile cha Abelson na Sussman cha mchawi jaladani. Ni chembamba. Nimejaribisha viwili viwili, vinateleza. Meza inaelemea upande anaokaa mke wangu, na kila supu ikimwagika mazungumzo ya televisheni yanaanza upya.

Ndugu yangu, unajijua. Sikuulizi umefika ukurasa wa ngapi. Kirudishe.