Kizunguzungu cha Maputo

Kizunguzungu hakisemeki vizuri hata kwa lugha ya mama. Mwenye njaa atakwambia ana kizunguzungu, aliyepanda mnazi akatazama chini vilevile, na anayeliona dari likizunguka kama pangaboi naye hana neno jingine. Sasa kichukue hicho, ukivishe Kiingereza, halafu ukikabidhi kwa Kireno.

Mimi yalinikuta Maputo. Kila nikijigeuza kitandani upande wa kulia, chumba kizima kinaondoka. Rafiki yangu mmoja Mmalawi, fundi simu aliyeokota Kireno chake sokoni, akajitolea kunipeleka zahanati awe mkalimani. Mimi na yeye tunaelewana kwa Kiingereza, hivyo mpango ulikuwa mwepesi: nimpe "dizzy", yeye ampe daktari.

Akampa. "Ele é tonto," alisema, huku akininyooshea mkono kwa heshima zote. Daktari, mama wa makamo, akanitazama kwa huruma. Muuguzi akaziba mdomo.

Nikaona "dizzy" halijatosha, nikaongeza "light-headed", yaani kichwa chepesi. Mmalawi akafikiri kidogo, akatoa "cabeça oca". Muuguzi akageukia dirishani, mabega yakimcheza. Nikasema basi kichwa changu "is swimming", ikafika kwa daktari kwamba kinaogelea kweli. Akauliza kama huwa naoga baharini, isije ikawa maji yameingia sikioni. Na kwa kweli hapo ndipo tulipoukaribia ugonjwa, ingawa kwa bahati tu.

Neno pekee nililolidaka bila msaada ni "mesa". Aliposema niweke simu mezani, niliiweka kabla ya tafsiri, nikajiona Mreno. (Wareno walituachia meza na leso huku pwani, la kizunguzungu waliondoka nalo.)

Mwishowe daktari alituchoka wote wawili. Akanipima presha nimelala, akanipima nimesimama, haikuwa na neno. Ndipo akanikalisha kitandani, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza kulia na kunilaza chali ghafla, kichwa kikaning'inia ukingoni. Dunia ikaanza. Nilimng'ang'ania koti. Yeye hakuniuliza kitu; alikuwa akiyatazama macho yangu, ambayo yalirukaruka yenyewe, akaridhika. "Vertigem," akasema.

Ndani ya sikio mna chembechembe za chokaa. Zikibanduka na kuingia kwenye mifereji ya usawa, ukigeuza kichwa ubongo hupewa habari kwamba unazunguka, nawe umejilalia zako. Tiba yake ni kukigeuzageuza kichwa kwa mpangilio mpaka zirudi kwao, mbinu ambayo daktari wa Marekani, John Epley, aliichapisha mwaka 1992. Haina kidonge, haina sindano, na mkalimani anaweza kusubiri nje.

Nikiwa navaa viatu, muuguzi akanisogelea. "Pole, kaka." Kiswahili safi! Kumbe ni mtu wa Mocímboa da Praia, kule Cabo Delgado.

"Dada, mbona hukusema?"

"Mlikuwa mnaongea Kizungu. Nikaona nisiwaingilie."

Ndiye aliyenifumbua macho. Kireno kina "kuwa" mbili, ya tabia ya siku zote na ya hali inayopita. Aliye "está tonto" anasikia kizunguzungu. Aliye "é tonto" ni mjinga, alizaliwa hivyo na atazikwa hivyo. Na "cabeça oca" ni kichwa kitupu. Kwa hiyo rafiki yangu alimpelekea daktari mpumbavu asiye na kitu kichwani, anayeogelea.

Nilipomkabili njiani hakutetereka. Alisema yeye alitafsiri alichokiona.

Nawe msomaji, ukifika Maputo dunia ikaanza kukuzunguka, sema "estou tonto". Usije ukasema "sou tonto". Ujinga huo hauna daktari.